Paka naye ana safari?



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe. Mumewe amepata kazi mjini Leicester, Uingereza, kwa mkataba wa miaka 3, naye ameshatangulia. Mama na watoto wawili wanatarajia kumfuata baada ya miezi 6, in shaa Allah. Nyumba wanayokaa ni ya kupanga, na itarudishwa kwa mwenyewe. Kinachomkosesha usingizi si viza wala shule.

"Tuna paka wa miaka 4, sungura wawili na kasuku aliyeachwa na marehemu baba yangu," anaandika. "Binti yangu wa miaka 9 amesema hatapanda ndege bila ya paka. Mume wangu anasema paka wapo duniani kote. Mama mkwe wangu yuko Tanga, hapendi paka ndani, lakini amesema tumpeleke. Nimsikilize nani?"

Wapo watakaosema hili si jambo la kujaza safu ya gazeti, ilhali kuna familia zinazohangaikia ada na dawa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Jamaa zetu wanahamia Ulaya, Ghuba na Amerika mwaka baada ya mwaka, na nyuma ya mageti yanayofungwa hubaki viumbe ambao hakuna aliyekaa kitako akawaamulia. Familia hutaja njia mbili: kwenda naye au kumwacha kwa jamaa. Ipo ya tatu, isiyosemwa mbele ya watoto. Usiku wa mwisho paka hutiwa kirobani, akaenda kufunguliwa karibu na soko la samaki kwa hoja kwamba pale hatakosa riziki. Au mlinzi wa jirani huachiwa fedha ya dagaa ya mwezi mmoja, na huo mwezi ukiisha hakuna anayepiga simu kuuliza.

Paka aliyelelewa kwa bakuli hajui kushindana. Kila pembe ya soko ina paka wenyewe, na mgeni hupokewa kwa makucha. Sote tunaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Hatuwezi kujitetea kwamba sisi tulimwacha ajitafutie, maadamu ni sisi wenyewe tuliomlea asijue kutafuta. Njia hiyo ya tatu, basi, dada yangu, tuiondoe kabisa, tubaki na zile mbili.

Nianze na sungura, kwa kuwa habari yao ni fupi. Waacheni. Sungura anayeingia Uingereza kutoka nje ya Umoja wa Ulaya sharti akae karantini miezi 4, kwa gharama ya mwenyewe, na simbilisi wana hukumu hiyo hiyo. Sungura ni mnyama mwoga. Akishtuka huacha kula, na akikaa siku nzima bila kula maisha yake yamo hatarini. Kumpitisha katika ngurumo za ndege na kisha miezi 4 ya kizimba cha ugenini si kumwonea huruma. Wapeni wote wawili kwa nyumba moja, kwani wamezoeana. Na neno moja la pembeni: nyama ya sungura ni halali, na wapo watakaowapokea kwa furaha huku jungu liko jikoni. Ikiwa watoto wameahidiwa kuwa watafugwa, muulizeni mpokeaji waziwazi kabla ya kumkabidhi.

Kasuku ana uzito wa namna nyingine, kwa kuwa amebeba sauti ya marehemu. Hukusema ni wa aina gani, ila kama ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, basi jambo lake limo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama zilimwingiza katika orodha yenye masharti makali kuliko zote, na uamuzi huo ukaanza kutumika Januari 2017. Kumvusha mpaka kunataka kibali cha nchi anayotoka na kibali cha nchi anayokwenda, na mwenye kasuku huulizwa ushahidi wa namna alivyompata. Ni wangapi miongoni mwetu wenye hati ya kasuku aliyenunuliwa na baba miaka 20 iliyopita? Msijaribu kumpitisha kimyakimya. Atachukuliwa, nanyi mtaanza maisha mapya mkiwa na kesi.

Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 na zaidi, kwa hiyo asipewe mzee mwenye upweke kwa sababu tu yuko nyumbani mchana kutwa. Atafutiwe nduguyo mwenye watoto wanaokua, nyumba yenye mazungumzo, kwa sababu kasuku aliyezoea watu akiachwa peke yake hujing'oa manyoya mwenyewe. Mrekodi sauti yake kabla hamjaondoka. Watoto wako watakapokuwa wakubwa watataka kusikia jinsi babu yao alivyokuwa akimwita.

Tuje kwa paka, ambaye ndiye aliyeandikiwa barua.

Kanuni za Uingereza zinaziweka nchi katika makundi, na Tanzania, sawa na Kenya, imo katika kundi linalodaiwa zaidi kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Paka hutiwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Kisha huchanjwa. Mpangilio huu haupinduliwi: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata kama kadi yake ina muhuri. Zikipita siku 30 tangu chanjo, daktari wa mifugo huchukua damu na kuipeleka katika maabara iliyoidhinishwa kupima kama kinga imefika kiwango kinachotakiwa. Aghlabu maabara hiyo huwa nje ya nchi, kama ile ya Onderstepoort kule Afrika Kusini. Matokeo yakiwa mazuri, huhesabiwa miezi 3 kuanzia siku damu ilipotolewa, ndipo paka aruhusiwe kusafiri na cheti cha afya kilichothibitishwa na mamlaka ya mifugo ya serikali. Jumlisheni wenyewe: ni miezi 4, na hapo hakuna aliyechelewa wala sampuli iliyopotea njiani. Akifika na pungufu, huweza kuwekwa karantini hadi miezi 4, na malipo ni juu yenu.

Wengi hukwama hapa kwa kuwa wanaanza kuuliza wakiwa wameshakata tiketi. Wewe umeuliza mapema, nawe una miezi 6.

Yako na mengine. Paka haingii Uingereza kwa ndege ya abiria akiwa miguuni pa mwenyewe. Hupelekwa kama shehena, na malipo yake yakijumlishwa na vipimo na wakala huweza kupita nauli ya mtu mzima. Na ili ahesabiwe kuwa ni mnyama wa familia, sharti aingie ndani ya siku 5 kabla au baada ya mwenyewe. Ikizidi hapo, hutumika kanuni za biashara, ambazo ni nzito zaidi. Nchi mtakayobadilishia ndege nayo ina masharti yake. Kama paka wenu ni wa Kiajemi, wale wenye pua bapa, mwambieni daktari mapema, kwani hupata shida ya kupumua safarini na yapo mashirika ya ndege yanayowakataa. Wala msimpe dawa ya usingizi kwa kumhurumia. Akiwa amelegea hawezi kujirekebisha katika kizimba, na hakuna wa kumtazama huko chini.

Kisha kuna nyumba ya kufikia. Je, mume wako amemuuliza mwenye nyumba wa Leicester kama anakubali paka? Nashangaa jinsi swali hili dogo linavyosahauliwa. Wapo wapangishaji wanaokataa, na familia iliyokwisha lipa maelfu kwa ajili ya paka isingependa kulijua hilo uwanjani.

Kwa wanaoelekea Umani na Imarati, hesabu ni tofauti: safari ni fupi, kibali cha kuingiza mnyama huombwa kabla, na joto la kiangazi hufanya mashirika mengi yasite kubeba wanyama. Ulizeni huko huko mnakokwenda, msitegemee mtu aliyehama mwaka juzi.

Basi nimsikilize nani, umeuliza. Ushauri wangu ni kwamba usichague leo. Wiki hii mtie paka chipu na umchanje, na baada ya siku 30 atolewe damu. Gharama ya hatua hizi ni sehemu ndogo ya gharama ya safari nzima, na kipimo cha damu kikishafaulu hakirudiwi, maadamu chanjo za kurudia zinatolewa bila kuchelewa hata siku moja. Maana yake ni kwamba hata akibaki sasa, mmoja wenu akija likizo mwakani anaweza kurudi naye.

Wakati huo huo, mpeleke Tanga. Usingoje siku ya mwisho. Mpeleke mapema, zikiwa zimebaki siku nyingi, ukae naye huko wiki nzima ikiwezekana, kisha umwache kwa mama mkwe mwezi mmoja au miwili. Utajua mambo ambayo hakuna wa kukuambia kwa barua: kama anakula, kama mama amemkubali au amemvumilia tu, kama uani kuna mbwa. Mwanamke anayesema hapendi paka ndani, kisha akasema mleteni, huenda amesema hivyo kwa ajili ya mjukuu. Ni neno jema, lakini lisitumike kumtwisha mzigo. Muulize akiwa peke yake, mwanawe asiwepo, na umfanyie wepesi wa kukataa. Fedha ya chakula na ya daktari itoke kwenu, iwe na tarehe yake kila mwezi, isiwe ya kuombwa.

Akitulia Tanga, kwa mkataba wa miaka 3, mimi ningemwacha. Asipotulia, au mama mkwe akionekana kuelemewa, na fedha ya kumsafirisha ipo bila ya kukopa, mchukueni, na asiwepo wa kuwacheka. Ila wasiomudu wasijione wamevunja uaminifu. Kukopa ili paka apande ndege, kisha watoto wapite baridi ya kwanza bila makoti, hakumsaidii hata paka. Na ikiwa Tanga itashindikana na mkatafuta mtu mwingine wa kumlea, mtoeni bure. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya kuuza paka, na zawadi haina utata.

Sasa binti. Usimwambie "tutamleta baadaye" kama huna nia hiyo, na usimwambie kwamba paka amekimbia. Mtoto wa miaka 9 huhesabu miezi, na siku atakapogundua atajumlisha pamoja na uongo huo kila ulichomwahidi kuhusu nchi ngeni. Mweleze kanuni kama nilivyokueleza wewe, na mpe kazi: yeye ndiye aandike tarehe za chanjo katika daftari, na yeye ndiye amwambie bibi paka anapenda kukunwa wapi. Akilia, alie. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona Abu Umayr, mtoto mdogo wa nyumba ya kina Anas, akiwa na huzuni kwa kufiwa na kidege chake, naye akazungumza naye kuhusu kidege hicho. Kwa shughuli zote alizokuwa nazo, hakuliona hilo kuwa ni upuuzi wa kitoto.

Mkifika Tanga, paka afungiwe kwanza katika chumba kimoja au banda la uani lenye mlango, asiachwe kutoka kwa majuma 2 au 3, maana paka aliyehamishwa hutoka kutafuta nyumba yake ya zamani akapotea. Apelekwe na bakuli lake lile lile, na tandiko analolalia. Tandiko hilo lisifuliwe kabla ya safari, hata kama mama mkwe atalilalamikia. Libaki na harufu ya nyumba yenu mpaka atakapoizoea ya kwake.