Zile Tembe Nane Kwa Droo Yako

Wacha niungame kwanza ndio msiseme najifanya mtakatifu. Mwaka jana nilipimwa malaria nikiwa nyumbani Busia, nikapewa AL: tembe nne asubuhi, nne jioni, siku tatu. Jumla 24. Siku ya pili jioni nikasikia niko sawa, nikaacha. Zile nane zikaingia kwa droo, na binamu yangu alipoumwa na kichwa nikampatia. Bila kupimwa. Manze, sisi ndio shida.

Hii si dawa ya kwanza tunachezea. Klorokwini ilikuwa kwa kila nyumba, ikashindwa, Kenya ikahamia dawa za salfa 1998. Hizo nazo hazikukaa. 2004 sera ikabadilika tena, ndio tukaletewa AL. Mnaona vile tunaenda?

Tofauti ni kwamba siku hizi si lazima tungoje watu wafe ndio tujue. Tone la damu kwa karatasi linapelekwa maabara, wanasoma jeni za kimelea. Inayoangaliwa sana inaitwa kelch13. Ikiwa na mabadiliko fulani, artemisinini inachelewa kukiondoa kimelea kwa damu. Ni kama ile taa nyekundu ya oili kwa dashibodi: gari bado linaenda, lakini ukiipuuza, injini itakufa.

Na kwa majirani taa ishawaka. Rwanda iliripotiwa 2020, kaskazini mwa Uganda 2021. Kimelea hakigongewi muhuri mpakani. Kinavuka ndani ya damu ya abiria.

Najua kuna mtu atasema, "Tembe zako nane zitabadilisha nini?" Peke yake, pengine hakuna. Mabadiliko ya jeni huja yenyewe. Lakini dawa kidogo inaua vimelea dhaifu na kuachia vile sugu nafasi ya kuzaana. Sasa zidisha na kila droo kijijini.

Lakini mzigo si wa mgonjwa pekee. Kuna chemisti inakuuzia tembe sita juu una mia moja tu. Na kaunti za kanda ya ziwa ziweke pesa zao za kusoma hizo jeni kila mwaka, si kungoja wafadhili.

Mimi nimeanza na droo yangu. Fungua yako, halafu niambie hapo chini umepata ngapi.