Mlango Niliomfungia Mpwa Wangu

Ndugu zangu wasomaji, wiki hii nimeazimia kuandika juu ya kosa langu mwenyewe, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake huwafunza wanafunzi wake kuyaficha yao.

Yapata miaka mitatu sasa, mpwa wangu, binti wa dadangu mkubwa, alinijia baada ya Sala ya Alasiri nami nimeketi barazani. Alikuwa amemaliza masomo ya biashara, na mkononi alishika barua ya kuitwa kazini katika ofisi ya takafuli. Akaniambia, "Mjomba, mama asema nisiwajibu mpaka nikuulize wewe." Nikamuuliza takafuli ni kitu gani. Kabla hajamaliza kueleza nikamkata kauli: "Hiyo ni bima, mwanangu, na bima ni riba na kamari. Tafuta riziki kwengine." Hakubishana nami. Alinibusu mkono, akaenda zake. Nami nikarejea kwenye kitabu changu nikidhani nimeiepusha nyumba ya dadangu na haramu.

Mwaka na nusu ukapita. Usiku mmoja moto ukateketeza duka la jirani yetu, mama mjane auzaye leso na vitambaa, ambaye kwa duka hilo alikuwa akiwasomesha watoto wanne. Moto haukuanza kwake. Ulianza kwenye nyaya za umeme za duka la pili. Siku ya Ijumaa nilisimama msikitini nikaomba mchango, na watu wakatoa, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini tulipohesabu, kilichopatikana hakikutosha hata kununua robota mbili za leso.

Jioni yake nikaitwa nyumbani kwa mjane yule nikae kama mzee wa mtaa, kwa kuwa wageni wamekuja na karatasi. Nikawakuta wanawake wawili waliojistiri vyema kwa mabuibui yao, na faili mbele yao. Walikuwa mawakala wa takafuli. Mwaka uliotangulia walikwenda kuzungumza na kina mama wa mchezo wa pesa ambao mjane huyo ni mmoja wao, naye tangu siku hiyo akawa analipa mchango kwa ajili ya duka lake. Mimi jirani yake sikuwa na habari.

Nilikaa nikasikiliza. Walimwambia asitupe vitambaa vilivyoungua mpaka mtathmini hasara avione kwa macho yake. Walimweleza jinsi ya kupata taarifa ya polisi, picha zipi zipigwe, na maswali atakayoulizwa. Risiti zake zilikuwa zimeteketea pamoja na duka, basi mmoja wao akafuatana naye asubuhi yake hadi kwa wauzaji wa jumla wa Barabara ya Biashara, duka baada ya duka, wakitafuta nakala za stakabadhi. Hapakuwa na jambo kubwa la kutazamwa pale. Palikuwa na subira na ujuzi tu. Baada ya kiasi cha miezi miwili mjane alilipwa fidia. Haikuwa thamani yote aliyoidai, kwa sababu bidhaa nyingine zilikosa ushahidi, lakini ilitosha kumrudisha dukani.

Siku ile ile nilimuuliza mkubwa wao swali ambalo sikumpa mpwa wangu nafasi ya kulijibu. Naye akanieleza kwa adabu. Katika bima ya kawaida, alisema, mteja hununua ahadi: analipa fedha asizojua kama zitamrudia kwa sura yoyote, fedha hizo huwa mali ya kampuni, na mara nyingi huwekezwa katika riba. Katika takafuli, wanachama hutoa mchango wa kujitolea, ndio uitwao tabarrui, ukaingia katika mfuko ulio wao wenyewe. Kampuni ni wakili wao tu, inausimamia mfuko kwa ujira unaojulikana tangu mwanzo. Fedha haziwekezwi penye riba wala penye kilichoharamishwa, ziada ikipatikana yaweza kugawiwa wanachama kwa mujibu wa masharti, na juu ya yote hukaa bodi ya wanavyuoni wanaochunguza mwenendo.

Kisha akatabasamu, akaniambia, "Sheikh, mbona hadithi ya Ash'ari tuliisoma kwako chuoni?"

Nilinyamaza. Ni kweli, naifundisha kila mwaka: watu wa kabila la Ash'ari, chakula kikiwapungukia vitani au majumbani mwao, walikuwa wakikusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakakigawa sawa kwa sawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu, akawahesabu kuwa ni watu wake naye ni wao. Nimeieleza hadithi hiyo kwa watoto wa miaka kumi, nami sikuitambua ilipokuja barazani kwangu na barua mkononi.

Usiku ule nilirejea vitabuni. Nikakumbuka kuwa Desemba 1985 Majlisi ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah, ikaamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara umeharamishwa kwa sababu ya gharari iliyomo, na kwamba badala yake ni bima ya ushirika iliyosimama juu ya tabarrui na kusaidiana. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Sudan ilikwisha kuanzisha kampuni ya namna hiyo, na mwaka 1984 Malaysia ikaitungia sheria. Kwetu Kenya kampuni ya kwanza ya takafuli ilianza kazi mwaka 2011. Mwaka 2013 ikaanza kuwakinga wafugaji wa Wajir dhidi ya ukame kwa kuangalia kupitia setilaiti jinsi malisho yanavyokauka, na mwaka 2014 wafugaji wa huko wakalipwa kwa mara ya kwanza. Wanavyuoni walikwisha kufanya kazi yao. Mimi ndiye niliyetoa hukumu kabla ya kusoma.

Nilikwenda kwa dadangu nikamwomba mpwa wangu radhi mbele ya mamake. Alisema, "Yamepita, Mjomba." Lakini kazi ile alikuwa amekwisha kupewa mwingine zamani, naye kwa mwaka na nusu alikuwa akiwasomesha watoto wa jirani kwa malipo haba. Mamake hakunilaumu kwa neno. Alinitilia chai tu. Enyi wenzangu mnaoulizwa maswali na watu, jueni kwamba neno moja la barazani laweza kula miaka ya mtoto wa mtu.

Waliomnyanyua binti huyo si mimi. Ni wanawake wale wawili na wenzao. Kwa sheria za nchi yetu, atakaye kuwa wakala wa bima yampasa afaulu mtihani wa cheti kiitwacho COP, kisha asajiliwe na mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Mpwa wangu alipofanya mtihani mara ya kwanza hakufaulu. Mmoja wa wanawake hao akawa humwita kwake baada ya Sala ya Isha, watoto wake wakishalala, wakasoma pamoja mpaka usiku mkubwa. Mara ya pili akafaulu. Alianzia chini kabisa, hana mshahara, analipwa kamisheni kwa kila mteja anayemleta.

Nimewauliza wanawake hao jinsi wanavyoishi katika kazi yao, na waliyoniambia yanafaa kuandikwa. Hawaendi peke yao kwenye ofisi au nyumba wasiyoijua. Huenda wawili wawili, ikawa ni sitara na ni ushahidi. Mmoja akijifungua, wenzake humshikia wateja wake kwa siku zote arubaini, na kamisheni yake humfikia nyumbani. Hawanyang'anyani wateja. Mteja akidai fidia na wakala wake ni mgeni wa kazi, mzoefu hukaa ubavuni mwake mpaka ajue njia. Na yule aliyepanda cheo ofisini, akawa ndiye anayepima hatari na kukadiria michango, huwafunza wengine hesabu hizo ili nao wapande.

Hili la mwisho ndilo kubwa kwangu. Mwanamke akipata nafasi moja penye wanaume wengi, shetani humnong'oneza kwamba nafasi ni hiyo moja tu, na kila binti ajaye ni mshindani. Lakini tulionao wa kuwaiga si hao wanaoficha ujuzi. Bibi Shifaa binti Abdullah (R.A.) alikuwa miongoni mwa wachache waliojua kuandika, naye ndiye aliyemfunza Bibi Hafsa (R.A.) maandishi. Hakuhofia kwamba kalamu ikiwa mikononi mwa wawili thamani yake itapungua.

Wala tusidhani kuwa kuwafungia wanawake mlango huu ni ada ya Waislamu. Soko kubwa la bima za meli duniani, Lloyd's la London, lilizaliwa katika duka la kahawa mwishoni mwa karne ya 17. Halikukubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1970, na mwanamke wa kwanza kuliongoza kama afisa mkuu mtendaji, Inga Beale, alishika kazi mwaka 2014. Zaidi ya miaka mia tatu! Sisi mama yetu Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara kabla Mtume hajapewa utume. Basi tumekuwaje sisi hata tukawaiga wanywaji kahawa wa London?

Nina maneno matatu ya nasaha.

La kwanza ni kwa akina baba na waume. Qur'ani, katika Suratun Nisaa, imebainisha kuwa mwanamume ana fungu katika alichochuma, na mwanamke vile vile ana fungu katika alichochuma. Kamisheni ya mkeo ni mali yake. Ukiona ameanza kupata, usiikunje mikono ukamwachia kodi ya nyumba na karo za watoto. Nafaka ingali juu yako. Akikusaidia kwa hiari yake, hiyo ni sadaka na hisani, mshukuru. Muulize kazi yake ni ipi na yuafanya na nani, hiyo ni haki yako. Lakini uliza kama mtu atakaye kujua, usiulize kama mtu aliyekwisha kuhukumu.

La pili ni kwa mabinti. Kazi hii ni amana. Usimuuzie mtu kinga usiyoifahamu mwenyewe. Mwambie wazi hati yake inakinga nini na haikingi nini, kabla hajatia sahihi, ijapokuwa kamisheni itakupita. Mjane wa leso alipolipwa, kina mama wa mchezo wake wakajiunga bila kubembelezwa. Na lau angehadaiwa, wangekimbia wote na habari ingefika Lamu na Vanga. Na wewe ambaye tayari umeajiriwa katika bima ya kawaida, usikate tamaa wala usikubali kutukanwa. Kaa na mwanachuoni umweleze kazi yako jinsi ilivyo, akuongoze hatua kwa hatua. Ujuzi ulioupata huko wahitajika sana katika takafuli.

La tatu ni kwa kina mama waliokwisha kufika. Aya ya pili ya Suratul Maida yatuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu. Hesabuni mmemwinua nani mwaka huu. Binti mmoja aliyefunzwa vizuri ana uwezo wa kuifikia mitaa ambayo ninyi hamtaifikia, na katika kila mtaa yumo mjane mwenye duka, mvuvi mwenye ngalawa, na kijana mwenye tuktuk ambayo ikiungua leo, kesho watoto hawali. Sisi husema tawakuli, nayo ni kweli, lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinijia barazani tena, wakati ule ule wa Alasiri. Akasema, "Mjomba, chuo chako kina watoto wengi, na nyaya za umeme ni za zamani. Nimekuja na fomu." Akanieleza mchango ni kiasi gani, kinachokingwa na kisichokingwa, na akaniambia kuwa kabla ya yote nimlete fundi azibadilishe zile nyaya, kwani fidia hairudishi mtoto. Safari hii nilimwacha amalize. Fundi amekwisha kuja, na fomu nimeitia sahihi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu, awafungulie mabinti zetu milango ya halali, na awajaalie wawe wenye kushikana mikono. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.