AKIBA ILIYOHAMISHWA NAYO HUANDIKWA



Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili latuhusu sana sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki tukaajiriwa katika ofisi za serikali za Marekani, maana kazi yetu ni daftari. Mchana kutwa twaandika hesabu za watu wengine, na senti moja ikikosekana hatuondoki mezani mpaka ionekane. Walakini jioni tukirudi nyumbani, hesabu zetu wenyewe twazitupa katika sanduku la viatu. Twaandika maneno haya kwa uchungu, kwa sababu ndugu zetu wazidi kupoteza akiba ya uzeeni, wala si kwa wizi wala kwa bahati mbaya, bali kwa kunyamaza.

Shauri lenyewe ni hili. Mtu aachapo kazi mahali pamoja akaenda pengine, akiba yake yaweza kubaki ilipo, yaweza kuhamishiwa katika mfuko mwingine, au yaweza kutolewa ikatumiwa. Kuhamisha huko Wamarekani hukuita rolova, na kwa kawaida hakutozwi kodi. Hapo ndipo wenzetu wengine husimama na kusema, “Mimi sikula hata senti moja. Niandike nini?” Twawajibu waziwazi: kutotozwa kodi ni jambo moja, na kutoandika ni jambo jingine. Mfuko uliotoa fedha hupeleka Fomu 1099-R kwa Idara ya Kodi, yaani IRS, na nakala huletewa mwenye akiba. Idara imekwisha kujua kwamba fedha zimetoka. Isichokijua ni mahali zilipoingia, na wa kuieleza ni wewe.

Kuieleza si kazi ngumu. Fedha zikitoka katika mfuko wa mwajiri, jumla yake huandikwa katika mstari wa 5a wa Fomu 1040, na sehemu inayotozwa kodi katika mstari wa 5b. Zikitoka katika akaunti ya IRA, mistari ni 4a na 4b. Ikiwa zote zimehamishwa kwa njia isiyo na kodi, jumla huandikwa kama ilivyo, sehemu ya kodi huwa sifuri, na fomu huonyesha kwamba ni rolova. Karani aliyezoea vitabu vya hesabu hamalizi kikombe cha chai kabla ya kuimaliza kazi hiyo. Lakini aangalie asidhani kila uhamisho hauna kodi: akitoa fedha katika akiba ambayo haijatozwa kodi akazitia katika akaunti ya Roth, hizo zahesabiwa kuwa mapato ya mwaka ule.

Na asiyeandika? Mashine za Idara hulinganisha Fomu 1099-R na hesabu aliyoileta, nazo zikiona jumla haimo, huja barua iitwayo CP2000, yenye kupendekeza kodi juu ya fedha ambazo hakuzitumia kamwe. Barua hii si hukumu. Ina nafasi ya kujibu, na mwenye hati zake aweza kushinda. Lakini hati ziko wapi? Akaunti ya IRA iliyopokea fedha hutoa Fomu 5498, nayo kwa desturi yaweza kufika mpaka mwisho wa Mei, hali siku ya kuleta hesabu ya kodi imekwisha pita tangu Aprili 15. Mtu huiona imechelewa, huidhani haina maana, akaitupa. Ndugu zetu, hiyo ndiyo ngao yenu! Iwekeni.

Sasa twasema juu ya hundi. Tangu mwaka 1993, fedha za mfuko wa mwajiri zinazoweza kuhamishwa zikilipwa mkononi mwa mwenyewe, sheria huamuru zikatwe asilimia 20 kwanza. Chukueni mfano wa ndugu aliyeacha kazi ya hospitali akaingia ofisi ya serikali, naye ana dola 20,000. Hundi yaja na dola 16,000. Azitia zote katika IRA kabla ya siku 60, akalala usingizi wa mtu mwema. Kumbe uhamisho haukutimia! Ili utimie, ilimpasa aongeze dola 4,000 za mfukoni mwake ndani ya siku zile zile, kisha zile alizokatwa azidai katika hesabu ya mwaka kama kodi iliyokwisha kulipwa. Asipoziongeza, katika 5a ataandika 20,000 na katika 5b 4,000. Akiwa hajatimiza miaka 59 na nusu, wala hana udhuru ukubaliwao na sheria, ataongezewa asilimia 10, yaani dola 400, juu ya kodi ya kawaida. Haya yote yangeepukwa kama angaliomba fedha zitoke mfuko hadi mfuko, bila kupita mkononi mwake.

Wako tena wasemao, “Nimekwisha katwa asilimia 20, basi nimemaliza na serikali.” La, hamkumaliza. Kukatwa ni amana tu. Kodi yenyewe hujulikana hesabu ya mwaka ifungwapo, na ile asilimia 10 ni mbali. Twajua kwa nini wengi huitoa akiba. Mama yu mgonjwa nyumbani, kiwanja kimepatikana, ada ya shule yangojewa. Hatuwalaumu wenye mizigo hiyo, maana nasi twaibeba. Twawalaumu wale wanaoahidi jamaa zao jumla yote, kana kwamba sehemu ya kodi ni yao, kisha Aprili ikifika hukopa ili walipe.

Na liko jambo linalowahusu hasa watumishi wa serikali za majimbo na wilaya. Wengi wenu mna akiba ya namna iitwayo 457(b). Mkiisha kuacha kazi, akiba mliyoiweka humo yaweza kutolewa bila ile asilimia 10, hata kabla ya miaka 59 na nusu, ingawa kodi ya kawaida hulipwa. Lakini mkiihamishia katika IRA, fadhila hiyo yapotea, maana huko sheria za IRA ndizo zitawalazo. Vivyo hivyo aliyeacha kazi katika mwaka atimizapo miaka 55, au baadaye, aweza kutoa fedha katika mfuko wa mwajiri huyo bila asilimia 10. Akizihamisha IRA, ameutupa msamaha wake. Wauzaji wa akaunti huja na tabasamu wakisema, “Hamisheni, hamisheni.” Waulizeni kwanza tutapoteza nini.

Wala hatuwaachi wakubwa wa ofisi. Sheria yawataka wasimamizi wa mifuko wampe mtu maelezo ya maandishi kabla ya kulipa fedha ziwezazo kuhamishwa. Maelezo hutolewa, naam, lakini kwa maneno marefu ambayo hata sisi tulioshika kalamu miaka mingi twayasoma mara tatu. Karatasi hupewa mtu siku anayorudisha funguo za meza, akatia sahihi, akaenda zake. Huko si kumweleza mtu. Ni kujikinga na lawama. Twataka mtu aketishwe, aonyeshwe njia mbili, hundi na uhamisho wa moja kwa moja, na aambiwe kila moja itamgharimu dola ngapi.

Mpaka hayo yatendeke, Chama kijisaidie chenyewe. Kabla ya Aprili, kila mwanachama aliyehamisha au kutoa akiba mwaka uliopita aje na Fomu 1099-R yake, atazame kisanduku cha 7, ambamo alama G ni uhamisho wa moja kwa moja na alama 1 ni kutoa mapema, kisha tuandike pamoja. Asione haya aliyekosea zamani. Hesabu iliyokwisha pelekwa husahihishwa kwa Fomu 1040-X. Haya ni kwa karani kuogopa karatasi.