Ukurasa Ukikataa Kufunguka, Mbona Tunamsaka Mchawi?

Mhariri amenipa nafasi nitoe dukuduku langu, nami sitazunguka mbuyu. Shuleni humu tuna ugonjwa. Tovuti ikikataa kufunguka katika maabara ya tarakilishi, hatuulizi ni kitu gani kilichoharibika. Tunauliza ni nani aliyefunga! Na jina huwa halikosi. Mara ni Naibu wa Mwalimu Mkuu, mara ni fundi wa maabara, mara ni viranja ati wamepeleka umbea ofisini. Maskini mashine yenyewe, haipati hata mtu wa kuiuliza inaumwa wapi.

Nasema haya kwa sababu muhula wa pili uliopita ugonjwa huu ulikaribia kututia taabani. Chama chetu kilikuwa kimeandaa mashairi ya kuingia katika shindano, na waandalizi walikuwa wakiweka maagizo yote katika ukurasa wao wa mtandao wa kijamii. Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumamosi saa sita mchana. Alhamisi jioni wanachama wakaingia maabara, wakabofya, wakabofya tena. Wapi! Kiwambo kikajaa maandishi na alama nyekundu. Mmoja akajaribu tovuti ya zamani ya mitihani iliyopita, nayo ikafunguka bila wasiwasi. Basi hapo ndipo kesi iliposikilizwa na hukumu ikatolewa papo hapo: "Si mnaona? Za masomo zinafunguka, za kuchangamsha roho zimefungwa. Huyo ni Naibu tu."

Kufikia wakati wa chakula cha jioni, uvumi ulikuwa umefika bwaloni na kunenepa njiani. Ati kuna video za densi za kidato cha tatu zilizoonekana. Ati chama kitavunjwa. Vijiko vikaanza kugongwa mezani, na nyinyi nyote mwajua vijiko vikianza kugongwa huwa tunaelekea wapi. Wanafunzi wawili waliitwa ofisini usiku huo huo, na nusura warudi nyumbani kuita wazazi.

Kumbe kisa chenyewe kilikuwa nini? Saa! Naam, saa ya mashine. Ijumaa asubuhi msichana wa kidato cha pili, mpole ambaye hata mkutanoni hasemi, alisoma yale maandishi yaliyokuwa kwenye kiwambo. Yalisema wazi kabisa, kwa Kiingereza chepesi, kwamba saa ya tarakilishi iko nyuma. Akatazama pembe ya chini kulia, akakuta mashine inadai tuko Januari 2009. Akarekebisha tarehe, akabofya, ukurasa ukafunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Hebu niwaeleze jambo hili polepole maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ndani ya tarakilishi kuna betri ndogo bapa, mviringo kama sarafu, aghalabu ya volti 3, iitwayo CR2032. Kazi yake ni kuishikia mashine saa wakati umeme umezimwa. Betri hii huishi miaka kadhaa, kisha hufa kimyakimya. Ikishakufa, mashine ikichomolewa ukutani husahau leo ni lini na huamka ikidhani ni ile siku iliyotoka kiwandani au karibu yake. Mashine zetu za safu ya nyuma ni kongwe, na likizo nzima zilikuwa zimechomolewa.

Sasa utauliza, saa na ukurasa wa marafiki vinahusiana vipi? Vinahusiana sana, bwana. Tovuti kubwa za leo, zile ambazo anwani yake huanza na https, huwa na cheti cha usalama. Cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, sawasawa na kitambulisho cha mgeni langoni. Kivinjari ni bawabu. Akitazama cheti kilichotolewa mwaka huu huku saa yake ikisema ni 2009, ataona cheti cha kesho kutwa, kisichokuwa kimeanza kutumika, naye atakataa kumpitisha mgeni. Mitandao mingi ya kijamii imevifundisha vivinjari visikubali njia ya mkato hata kidogo, kwa hiyo kile kitufe cha kusema "endelea tu" hakionekani. Ile tovuti ya mitihani ilifunguka kwa sababu ni ya kizamani, haina cheti hata kimoja, na bawabu hakuwa na karatasi ya kukagua. Ule ushahidi uliotumika kumhukumu Naibu ulikuwa wafaa kumtoa lawamani!

Tena kuna jambo linaloniudhi zaidi. Mashine tatu za karibu na dirisha, zile mpya, zilikuwa zikifungua ukurasa huo vizuri Alhamisi ile ile. Hakuna aliyeinuka kwenda kuzijaribu. Hatua sita tu! Kama tovuti imefungwa na shule, kwa kawaida inafungwa kwa mashine zote zinazopita katika ruta moja. Ni nadra ifungwe safu ya nyuma ikaachwa dirishani. Swali moja la "Je, kwako inafunguka?" lingeokoa vijiko vya bwalo.

Kwa maoni yangu, ukurasa ukigoma, mtu ajiulize kwanza maradhi yako wapi: yako kwangu, yako njiani, au yako kwa mwenye tovuti? Yakiwa kwangu, tovuti nyingine hukataa pia, au mashine ya jirani hufungua bila shida. Hapo utatazama saa. Utajaribu kivinjari kingine. Utafungua dirisha fiche, lile lisilobeba kumbukumbu za jana. Ukurasa ukifunguka humo, basi mchawi wako ni vidakuzi vilivyooza au kiendelezi fulani ulichobandika ukitafuta nyimbo, na dawa ni kufuta vidakuzi vya tovuti hiyo na kuzima viendelezi kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi. Kivinjari kikiwa kikongwe nacho huleta balaa. Chrome, kwa mfano, iliacha kuhudumia Windows 7 mwanzoni mwa 2023, na toleo la 109 ndilo lililokuwa la mwisho kwa mashine hizo. Mitandao ya kijamii hubadilisha kurasa zake kila uchao, kwa hiyo usishangae kivinjari cha babu kikionyesha weupe mtupu.

Na tafadhalini, someni maandishi! Watu huona alama nyekundu wakafunga macho. Nambari 404 yamaanisha ukurasa uliotafutwa haupo. Nambari 403 yasema umefika mlangoni ila huruhusiwi kuingia. 503 ni seva iliyoelemewa au iliyo katika matengenezo. 429 ni maombi mengi mno kwa muda mfupi, na hilo laweza kutupata sisi hasa, kwa kuwa darasa zima la watu arobaini likitoka kupitia ruta moja, huko nje huonekana kama mtu mmoja mwenye pupa. Nambari hizi nne zinatupa habari nyingi kuliko uvumi wote wa bweni.

Maradhi ya njiani ni mengine. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Hata uoshe vidakuzi kwa sabuni siku kama hiyo, hakuna litakalobadilika. Na kuna lile la jina. Kivinjari hakijui kufika "facebook.com" kwa jina, lazima kwanza kiulize mfumo uitwao DNS, ambao ni kama kile kitabu kinene cha simu cha zamani, kikipe nambari ya seva. Kitabu kikipotea, nyumba ipo, mwenyeji yupo, lakini hakuna ajuaye njia.

Hilo ndilo lililotokea dunia nzima tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwetu yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na hazikurudi mpaka saa sita za usiku zilipopita. Muda wa saa sita hivi! Mafundi wa kampuni hiyo walikuwa katika matengenezo, agizo moja likakata mtandao wao wa ndani, na seva zao za DNS zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti. Hata vifaa vyao vya kutengenezea vilitegemea mtandao uliokufa, ikabidi watu wafike wenyewe mahali mitambo ilipo. Ndugu yangu mkubwa hunieleza kwamba jioni hiyo jirani yao aliiwasha na kuizima simu yake mpaka chaji ikaisha, kisha akaenda kugombana na mwenye duka aliyemuuzia bando. Mwenye duka naye ana seva Marekani?

Nakiri upande wa pili una hoja, nami si mtetezi wa ofisi. Kuna nyakati tovuti hufungwa kweli, na kwa amri. Uganda ilifunga mitandao ya kijamii kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, kisha ikazima intaneti yote kwa siku kadhaa. Hapa kwetu, Telegram ilitatizika Novemba 2023 wakati wa KCSE, na mwaka wa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliyaagiza makampuni yaifunge kwa muda wa mtihani ili kuzuia wizi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshuku si mwendawazimu; ameona mambo. Ila hata kufungwa kuna dalili zake. Ukurasa mmoja hufa katika mashine zote za hapa, huku wenzetu wa nje wakiufungua bila tabu. Dalili hizo hupimwa kwa kuuliza, kwa mfano kumwomba mwalimu atazame kwa rununu yake, yenye laini tofauti na ya shule.

Walimu wetu, hapa ndipo neno langu linawafikia, na naomba lisichukuliwe kama utovu wa adabu. Shule ina haki ya kufunga baadhi ya tovuti. Sisi ni watoto wa watu, na tumeletwa kusoma. Lakini orodha ya zilizofungwa haijabandikwa popote. Hatujui kipi kimefungwa, saa ngapi, na kwa nini. Mkibandika karatasi moja tu mlangoni mwa maabara, ikisema tovuti hizi zimefungwa Jumatatu hadi Ijumaa na kufunguliwa saa za vyama, tetesi zitakosa pa kusimama. Mtu atasoma orodha, asipoiona tovuti yake atajua ni hitilafu, na ataanza kuitafuta.

Halafu kuna hii tabia ya VPN za bure. Alhamisi ile ile, kabla jua halijazama, ndugu fulani wa kidato cha tatu alikuwa tayari ameingiza mbili katika mashine za shule, "kuruka ukuta" kwa maneno yake. Ukuta gani, na hapakuwa na ukuta? VPN haitengenezi saa. Ilichofanya ni kuipitisha kila safari ya mashine ile kwa mtu asiyejulikana, ajuaye kila tovuti mnayotembelea, na programu nyingine za aina hiyo hubeba virusi mgongoni. Wengine walikwenda mbali zaidi wakaandika nywila zao katika tovuti ya ajabu iliyoahidi kuwafungulia ukurasa. Hilo si kuruka ukuta, ni kumkabidhi mwizi ufunguo na kumwonyesha kabati.

Fundi wetu wa maabara ni mmoja, na wiki ile alikuwa likizoni. Kila mashine ikikohoa tunamngoja yeye, ilhali somo la tarakilishi tunalisoma miaka minne, tunakariri maana ya "vifaa vya kuingizia data" na hatujawahi kuambiwa tufungue kasha la mashine tuone betri ilipo. Napendekeza hivi: wanafunzi wanne, wawili wa kidato cha pili na wawili wa tatu, wafunzwe na fundi na wapewe ruhusa ya kupima hitilafu ndogo. Na pawekwe daftari maabarani. Mashine nambari fulani, siku fulani, kiwambo kiliandika nini neno kwa neno, tulijaribu nini, nini kilifaulu. Hasira zikiandikwa hivyo hugeuka kuwa kazi.

Daftari lenyewe nimekwisha kulinunua, liko kwa katibu wa chama, na ukurasa wa kwanza umeandikwa na yule msichana wa kidato cha pili. Betri bado. Mashine nne za safu ya nyuma zinazihitaji, na bei ya moja haiwezi kumshinda mtu aliye na hela ya mandazi ya wiki. Ombi limepelekwa ofisini kwa maandishi, nasi tunangoja jibu. Mpaka zitakapowekwa, atakayeketi nyuma aanze kwa kutazama pembe ya chini kulia.