Kiswahili Kisibaki Ufuoni: Haja ya Shahada ya Uzamili Kuhusu Bahari ya Hindi

Mwanafunzi anapojiunga na masomo ya uzamili ya Kiswahili katika vyuo vyetu, swali la kwanza analokabiliana nalo aghalabu ni moja: isimu au fasihi? Akishachagua, mlango wa pili hufungwa. Wa isimu huzamia viambishi na vishazi. Wa fasihi hujitosa katika nadharia na uhakiki. Bahari ambayo imekilea Kiswahili kwa zaidi ya miaka elfu moja haina idara ya kuisomea pande zake zote. Makala haya yanapendekeza kuwepo kwa shahada ya uzamili itakayochunguza eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa kuunganisha isimu, fasihi, historia, akiolojia na sayansi za bahari. Yanashikilia pia kwamba Kiswahili kiwe nguzo ya shahada hiyo, wala si pambo lake.

Tuanze na jambo tunalolijua sote, yaani maneno ya mkopo. Tumefunzwa kwamba bandari na nahodha ni maneno yenye asili ya Kiajemi, ilhali meza na bendera yametokana na Kireno. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Wazungumzaji wa Kiindonesia nao husema meja, bendera na nakhoda. Wao na Waswahili hawakukopeshana maneno haya. Kila upande uliyapokea kutoka kwa wasafiri waliozizungukia bandari za bahari moja. Mwanaisimu asiyejua jinsi kaskazi ilivyovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na jinsi kusi ilivyovirejesha, anaweza kutueleza asili ya neno lakini si safari yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa maneno yetu ya asili. Leo tunalitumia neno mwongo kwa maana ya miaka kumi. Katika kalenda ya kale ya mwambao, mwongo ulikuwa siku kumi zilizohesabiwa kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua. Miongo thelathini na sita na siku tano za ziada zilitimiza mwaka wa siku 365. Kwa hesabu hiyo baharia alijua wakati wa kutweka tanga, na mkulima akajua wakati wa kupanda. Kamusi itampa mwanafunzi fasili ya neno hilo. Ili aelewe ni kwa nini watu wanaofuata mwezi katika ibada walihitaji pia mwaka wa jua katika kazi zao, itambidi ajue pepo na majira.

Fauka ya hayo, kuna maswali mazito yanayojibiwa bila sisi kuwepo. Mnamo mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa katika miji ya mwambao kama vile Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Ilibainika kwamba wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na zaidi ya nusu ya urithi wao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu kubwa ya urithi uliosalia ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza kwenye mwaka 1000 hivi.

Matokeo haya yanagusa mjadala wa zamani na wenye uchungu kuhusu Mswahili ni nani. Wapo watakaoyatumia kudai kuwa Mswahili ni mgeni, na wapo watakaoyakana kabisa. Msomi wa Kiswahili ana la kusema hapa. Nurse na Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walionyesha kwa kina kuwa Kiswahili ni cha kundi la Kisabaki, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Ngazija. Ikiwa baba wengi walitoka Uajemi, mbona lugha ya nyumbani ikabaki ya Kibantu? Na mbona mikopo ya Kiarabu ikaizidi ya Kiajemi kwa wingi? Hayo ni maswali ambayo vinasaba haviwezi kuyajibu peke yake, na ambayo isimu nayo haiwezi kuyajibu bila tarehe za wanaakiolojia. Anayekosekana mezani hana budi kupokea hitimisho la wengine.

Wala si mambo ya kale pekee. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Mvuvi wa Lamu hujua mahali samaki wanapozalia, tofauti ya bamvua na maji mafu, na miamba iliyokufa katika uhai wake. Maarifa hayo yamehifadhiwa katika Kiamu na Kitikuu. Anayeyakusanya asipoijua lahaja atayapotosha. Asipoijua bahari hatatambua uzito wake. Tunahitaji wasomi wanaozimudu zote mbili.

Bila shaka wapo watakaotukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Hoja hiyo ina uzito, kwani shahada inayogusa kila kitu inaweza kumwacha mhitimu bila umahiri katika chochote. Tiba yake ni utaratibu. Kila mwanafunzi awe na taaluma moja ya msingi, ajifunze mbinu za utafiti za taaluma nyingine mbili, na asimamiwe na wahadhiri wawili wa idara tofauti. Nyenzo zipo: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mombasa, makavazi yako Fort Jesus na Lamu, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hoja ya pili inanitia wasiwasi zaidi. Katika mseto wa taaluma, Kiingereza huweza kuwa lugha ya fikra, na mwanafunzi wa Kiswahili akageuzwa mkalimani wa kuwahoji wazee kwa niaba ya wengine. Ndiyo maana sharti la kwanza la shahada hii liwe ruhusa ya kuandika na kutetea tasnifu kwa Kiswahili, hata pale mada inapohusu matumbawe au ujenzi wa mtepe. Istilahi zitakazopungua zitafutwe kwanza kwa mafundi na wavuvi kabla ya kubuniwa ofisini.

Wahadhiri wetu hawahitaji kusubiri shahada nzima iidhinishwe na seneti. Wanaweza kuanza na kozi moja ya pamoja baina ya idara ya Kiswahili na idara ya historia au ya sayansi za bahari, itakayofunzwa mwambaoni kwa muhula mmoja. Nasi wanafunzi tunaweza kuanza kwa kuchagua mada zinazotulazimu kubisha hodi katika idara za jirani. Wahenga walinena kuwa bahari iliko ndiko mito iendako. Taaluma nyingine tayari zinaielekea bahari hii, na haifai Kiswahili, kilichozaliwa kando yake, kiwe cha mwisho kufika.