Kamera za Serikali: Ufunguo wa Pili Anao Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tumezoea kuitumia methali hii tukimsema rafiki msaliti. Mimi naona yafaa pia kwa vyombo ambavyo serikali zetu hununua ng'ambo ili vizilinde.

Hapa Galu, mtu akijenga nyumba na fundi akamtilia kitasa, swali la kwanza huwa, "Funguo ni ngapi?" Akijua kitasa kilikuja na funguo tatu naye kapewa mbili, halali usingizi. Hamwiti fundi mwizi, ila nyumba ni yake na lazima ajue nani aweza kuingia. Ajabu ni kwamba swali hili twaliuliza kwa nyumba ya vyumba viwili, kisha twalisahau kwa ofisi za serikali!

Tazameni ya Addis Ababa. Makao makuu ya Umoja wa Afrika yalijengwa na China kama zawadi, yakafunguliwa mwaka wa 2012. Januari 2018, gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kuwa kwa miaka 5, kila usiku kati ya saa sita na saa nane, data zilitoka kwenye seva za jengo hilo zikaenda Shanghai. China ilikana, na viongozi wa Umoja wakakana vilevile. Lakini mwaka wa 2020 shirika la habari la Reuters likaripoti kuwa wadukuzi walioshukiwa kuwa Wachina walikuwa wakiiba picha za kamera za usalama za makao yayo hayo. Yaani kamera iliyowekwa imwone mwizi, ikageuka jicho la mwizi.

Msidhani nawasema Wachina peke yao. Kampuni ya Crypto AG ya Uswisi iliziuzia serikali zaidi ya 100 mitambo ya kuficha siri zao. Mwaka wa 2020 ikafichuka kwamba, tangu 1970, wenyewe hasa walikuwa majasusi wa Marekani na wa Ujerumani Magharibi. Wateja walilipa pesa zao ili wasomwe!

Na sisi je? Mwaka wa 2014 serikali yetu iliipa Safaricom kazi ya kuwawekea polisi kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, hapo tu ng'ambo ya feri ya Likoni, kwa mitambo ya Huawei. Sisemi zimevuja. Nauliza tu: ufunguo wa pili anao nani?

Kuna watakaosema, "Sasa tufanyeje, na sisi hatuundi kamera?" Ni kweli, tena kamera zasaidia kunasa wahalifu. Basi tununue, lakini kwa masharti. Mafundi wetu waikague mitambo kabla haijafungwa. Nywila za kiwandani zibadilishwe. Picha zihifadhiwe humu nchini, na kamera za ofisi nyeti zisiunganishwe na intaneti ovyo. Uingereza, pamoja na utajiri wake, Novemba 2022 iliziamuru wizara zake ziache kuweka kamera za kampuni zinazobanwa na sheria ya ujasusi ya China katika majengo nyeti. Sisi twangoja nini?

Nanyi wanafunzi wenzangu, hao mafundi watatoka wapi kama kila mtu akimbia hesabu na fizikia? Walimu wetu, tutilieni mkazo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wasalaam.