Suali la Mtoto Apepesukaye

Tumeletewa suali na msomaji wetu mmoja. Mtoto wa jamaa yake alipoanza kutembea alionekana apepesuka; kisha macho yakaingia vijimishipa vyekundu, na maradhi ya kifua hayamwishi. Daktari ameyataja kuwa ni ataksia telanjiektasia. Baadhi ya jamaa wasema ni jini, na wengine wamlaumu mama.

Majini twaamini kuwa wako, lakini hilo si ruhusa ya kuwasingizia. Mwenyezi Mungu ameweka katika takriban kila chembe ya mwili kamba nyembamba mno ya nyuzi mbili zilizosokotana, iitwayo DNA, ambayo ikinyoshwa yote hupata kadiri ya mita 2. Kamba hiyo huharibika mara maelfu kila siku, nayo hutengenezwa. Uharibifu ulio mzito ni kukatika nyuzi zote mbili pamoja. Hapo ndipo ifanyapo kazi protini iitwayo ATM (isidhaniwe ni ile mashine ya kutolea fedha). Siku za salama protini hizi hukaa mbili mbili, zimeshikamana, bila ya kazi. Kamba ikikatika huachana, na kila moja huanza kuzibandika fosfati protini nyingine, mfano wa karani apigaye mihuri. Zilizopigwa mhuri huamka: hii huizuia chembe isijigawe, ile huwaita mafundi penye mkato. Na uharibifu ukipita kiasi, protini ya p53 huiamuru chembe ife, isije ikazaa saratani.

Mtoto huyu mafundi anao. Karani ndiye asiyefanya kazi. Kwa hiyo saratani ya damu na ya tezi humkaribia zaidi, na mionzi humdhuru kuliko wenziwe. Kila daktari naaambiwe khabari hii kabla ya kumpiga eksirei, khasa kabla ya kumtibu saratani kwa mionzi. Dawa ya kuyaondoa maradhi haijapatikana, ila kifua hutibika na viungo huzoezwa.

Jeni ya ATM ilitambuliwa mwaka 1995. Mtoto huugua akirithi mbovu kwa baba na mbovu kwa mama, na wao wenyewe hutembea sawasawa. Katika kila mimba yao hatari ni 1 kwa 4. Amlaumuye mama peke yake, basi, amesahau nusu ya khabari. Kuoana watoto wa ami ni halali, wala hatuharimishi. Lakini nyumba iliyokwisha pata mtoto kama huyu nawapime damu kabla ya kuposana humo humo. Na mama huyo, pamoja na dada zake, wamweleze daktari, kwani mwanamke mwenye jeni moja mbovu ya ATM huzidi hatari yake ya saratani ya matiti.